Mali Ikishauzwa Hairudishwi

Chini ya risiti za maduka mengi ya elektroniki, iwe Bungoma, Kitale au Luthuli Avenue kule Nairobi, huwa pamechapwa mstari ambao mtu huusoma akiwa ameshalipa: mali ikishauzwa hairudishwi. Mnunuzi wa sufuria haumsumbui, maana sufuria ataigeuza juu chini, ataigonga kwa kucha, na akitoka dukani anajua anachobeba. Anayenunua vipande vya kompyuta ili aviunge mwenyewe nyumbani hana bahati hiyo. Vipande havisemi ukweli wake mpaka vyote vikutane, na siku vikikutana viko mezani kwake, si kaunta.

Kijana ninayetaka kumsimulia ni wa Mabanga, hii Mabanga ya Bungoma yenye kituo cha mafunzo ya wakulima, ambako ukisema unatafuta bodi nzuri mzee atadhani unazungumzia bodi ya shule. Jina lake tuliweke kando, kwa kuwa bado anatafuta wateja. Kazi yake ni kupiga video za sherehe, na kwa Wabukusu hakuna sherehe inayoshinda tohara, ambayo huja Agosti ya kila mwaka wa shufwa. Agosti 2022 alikesha boma baada ya boma, akiwanasa vijana wakipiga chinyimba, zile kengele za tohara, njia nzima hadi kwa wajomba, kisha akiwangoja alfajiri wapande kutoka mtoni wakiwa wamepakwa matope mwili mzima. Msimu ulipoisha alikuwa na pesa kidogo, video za saa nyingi mno, na kompyuta isiyoziweza.

Kompyuta yenyewe ilikuwa ya ofisi, ya mtumba, zile ambazo sokoni huitwa ex-UK. Ndani yake mlikuwa na prosesa ya Intel Core i5-6500, ya mwaka 2015, yenye viini 4. Kwa kuandika barua na kufanya hesabu za duka ingemfaa miaka mingi tu. Kwa video ndefu ya tohara aliiacha ikichakata jioni, akaamka asubuhi na kukuta haijafika nusu. Na Desemba ilikuwa na harusi mbili ambazo tayari alikuwa amekula amana zake.

Elimu alikuwa nayo. Nalisisitiza hilo kwa sababu hiki si kisa cha mjinga. Alikuwa ametazama video za mafundi wa Marekani na Uingereza hadi akajua majina ya chipseti kama anavyojua majina ya wachezaji wa Gor Mahia. Angeweza kukueleza kwa nini viini 6 vinashinda 4 na kwa nini diski ya NVMe inaiacha mbali ile ya SATA. Ila video zile zilibeba dhana moja ambayo hakuna msemaji aliyeitamka waziwazi, kwa sababu kwao ni kama hewa: ukinunua kitu kisikukubali, unakirudisha na kurudishiwa hela. Mtu wa Chicago akibahatisha, hasara yake ni siku chache za kungoja kifurushi kingine. Mtu wa Mabanga akibahatisha, kile alichobahatisha ni chake mpaka apate wa kumuuzia.

Akaanza na prosesa. Alimpata muuzaji wa Nairobi mwenye Core i7-8700 iliyotumika, viini 6, kwa shilingi 14,000. Walizungumza kwa simu.

“Boss, soketi yako ni ngapi?”

“1151.”

“Basi hii pia ni 1151. Itaingia tu.”

Pesa ikaenda kwa M-Pesa, mzigo ukaja kwa basi la usiku. Na muuzaji hakusema uongo, kwa sababu prosesa iliingia. Ilikaa sawasawa kwenye soketi, kifuniko kikafunga bila kulazimishwa, feni ikarudi mahali pake. Alipobonyeza kitufe, taa iliwaka na kioo kikabaki cheusi.

Hapa ndipo penye mtego uliowanasa wengi kuliko mwingine wowote ninaoufahamu katika kazi hii. Intel ilileta soketi ya LGA1151 mwaka 2015 kwa ajili ya prosesa za kizazi cha 6, ikaitumia kwa kizazi cha 7, kisha Oktoba 2017 ikatoa kizazi cha 8 kwenye soketi yenye jina lilelile, idadi ileile ya pini na umbo lilelile. Kilichobadilika ni kazi za pini. Prosesa za viini 6 zilihitaji umeme zaidi, kwa hiyo baadhi ya pini zilizokuwa zimeachwa bila kazi zilipewa kazi ya kupitisha umeme. Bodi zenye chipseti za mfululizo wa 100 na 200 hubeba kizazi cha 6 na cha 7. Kizazi cha 8 na cha 9 hutaka mfululizo wa 300, yaani H310, B360, H370, Z370 na wenzao. Ukizichanganya, hakuna kinachoungua, na hakuna kinachowaka. Mtengenezaji wa kila bodi huweka kwenye tovuti yake orodha ya prosesa ambazo bodi hiyo inazikubali, moja baada ya nyingine, pamoja na toleo linalohitajika la BIOS, ile programu inayoiamsha bodi. Orodha hiyo ni bure, husomwa kwa dakika mbili, na kijana wetu hakuwahi kuifungua. Kwa nini aifungue ilhali nambari zililingana?

Alipompigia muuzaji, alisomewa mstari wa chini wa risiti.

Ngoja niseme neno kuhusu mstari huo, maana wengi huuchukua kama amri iliyoshuka mlimani. Kenya ina Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, ambayo kifungu chake cha 16 humlinda mnunuzi aliyemweleza muuzaji kazi anayoitakia bidhaa na kuutegemea ujuzi wake. Ina pia Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012. Kwa hiyo mstari wa muuzaji haufuti kila haki. Lakini tazama kijana alisema nini kwenye simu. Alitaja nambari ya soketi. Hakutaja jina la bodi yake, hakusema ni ya kizazi gani, hakuuliza kama kompyuta itawaka. Aliulizwa kuhusu kuingia, akajibiwa kuhusu kuingia. Hata hakimu mwenye huruma angekosa pa kushika.

Kosa lenyewe lilikuwa la mpangilio. Bodi mama ndiyo mwenye boma, na vipande vingine vyote ni wageni: ndiyo inayoamua nani aingie, alale wapi na ale nini. Ukishaichagua, umechagua ukoo wa prosesa, aina ya RAM, ukubwa wa kasha na hata plagi za umeme. Anayenunua prosesa kwanza kwa sababu imeshuka bei amekaribisha mgeni kabla ya kujua nyumba ni ya nani.

Pale palikuwa na nafasi ya kukata hasara. Angeitangaza ile i7 mitandaoni, apoteze elfu mbili au tatu, asonge mbele. Badala yake alifanya kile ambacho binadamu hufanya akishazika pesa mahali: akaamua kuifuata. Ikiwa prosesa haiitaki bodi, atanunua bodi inayoitaka prosesa. Kwa shilingi 8,500 akapata H310 iliyotumika, na safari hii aliifungua orodha ya mtengenezaji, akaliona jina la i7-8700 kwa macho yake. Alikuwa amejifunza jambo moja. Tatizo ni kwamba lilikuwa moja tu.

Bodi ilipofika aliitoa ile ya zamani ili aweke mpya katika kasha lilelile la ex-UK, akagundua kwamba kompyuta za ofisi zina mila zake. Mwaka 1995 Intel ilitoa kipimo cha ATX, na tangu hapo ulimwengu wa kujiundia umekifuata: bodi kamili ni milimita 305 kwa 244, micro-ATX haizidi 244 kwa 244, na kuna Mini-ITX ya 170 kwa 170 iliyoletwa na VIA mwaka 2001. Matundu ya skrubu yana sehemu zake maalumu, na plagi kubwa ya umeme ina pini 24. Kampuni zinazouzia ofisi maelfu ya mashine kwa mkupuo hazina haja ya kukufurahisha wewe unayebadilisha kipande kimoja kimoja. Kompyuta nyingi za ofisi za Dell na HP za miaka hiyo zina pawasaplai yenye plagi ya pini 8 au 6, zisizofanana na 24 hata kwa mbali. Waya za kitufe cha kuwashia zimekusanywa katika plagi moja yenye mpangilio wa kampuni. Bamba la nyuma lenye matundu ya USB na kioo mara nyingi limekatwa pamoja na kasha lenyewe, kwa hiyo matundu ya bodi nyingine hayaoani nalo.

Yaani kwenye kompyuta ile ya zamani hakubaki na kitu cha kutumia isipokuwa diski na RAM. RAM nayo ilikuwa bahati, kwa kuwa mashine za kizazi cha 6 zilitoka nyingine zikiwa na DDR3L na nyingine na DDR4, na yake ilikuwa DDR4. Ingekuwa DDR3 isingeingia kabisa: pini ni 240 dhidi ya 288, na ule mkato wa katikati uko pengine.

Akapanda matatu kwenda Bungoma mjini, akanunua kasha la 4,500 na pawasaplai ya 4,000. Pawasaplai ilikuwa ya zile nyepesi ambazo ukiinyanyua unashangaa kama wameweka kitu ndani. Nyuma yake, karibu na tundu la waya wa umeme, palikuwa na kiswichi chekundu chenye ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo, cha kusukumwa kwa bisibisi, kimeandikwa 115 upande mmoja na 230 upande mwingine. Stima ya Kenya ni volti 240. Kiswichi kama hicho kikiwa upande wa 115 ukachomeka ukutani, kapasita kubwa za ndani hujazwa karibu mara mbili ya zinavyostahili, na utasikia mlio ambao majirani watakuuliza kesho yake. Chake kilikuwa upande wa 230. Hakukiangalia, kilikuwa tu.

Sasa tufike usiku wa kufunga bodi.

Ndani ya kasha jipya, kwenye lile bamba la chuma bodi inapolala, mna vinguzo vya shaba. Ni vijiti vifupi vyenye pembe 6, kama nati ndefu, vinavyoinua bodi isiguse chuma. Upande wa nyuma wa bodi una mamia ya ncha za risasi zilizochongoka, na kila moja hubeba umeme au ishara. Ncha isiyofaa ikigusa shaba, na shaba imeshikana na kasha, umeme hukata njia. Kiwandani walikuwa wameweka vinguzo 9 kwa ajili ya ATX kamili. Bodi ya H310 aliyonunua ilikuwa micro-ATX ya zile zilizopunguzwa upana, yenye matundu 6. Kwa hiyo vinguzo 3 havikuwa na tundu la kukutana nalo. Fundi mzoefu huishikilia bodi juu ya bamba kwanza, akahesabu matundu kwa kidole, akaondoa kila kinguzo kisicho na mwenzake. Kijana aliilaza bodi, akakaza skrubu 6, akafurahi kwamba zote zimeingia. Kinguzo kimoja kilibaki chini kimeukandamiza mgongo wa bodi.

Alipowasha, feni ilizunguka nusu mzunguko ikasimama. Akabonyeza tena, nusu mzunguko.

Pawasaplai, hata ile nyepesi, ilikuwa imefanya jambo la maana: iliona umeme unakata njia, ikajizima. Bodi ilikuwa haijaumia. Angeitoa, akailaza juu ya lile boksi la karatasi ililokuja nalo, akaunganisha prosesa, feni yake, kipande kimoja cha RAM na plagi mbili za umeme, ya pini 24 na ile ya prosesa ya pini 4 au 8, kisha akagusisha zile pini mbili za kitufe kwa ncha ya bisibisi, ingewaka palepale mezani. Angejua kwamba ugonjwa uko kwenye kasha. Kwa kweli hilo ni jambo la kufanywa kabla ya kuingiza bodi ndani ya kasha, si baada, na ukinibana niseme hatua moja tu ambayo mtu asiiruke, nitasema hiyo.

Yeye akaishuku prosesa. Unaweza kumwelewa: ndiyo iliyokuwa imeshamwangusha mara moja. Ilikuwa karibu saa nne usiku, mvua inakuja, na stima ikapotea. Akamwita dada yake mdogo amshikie tochi ya simu. Alilegeza feni, akainua kifuniko cha chuma, akaishika prosesa kwa vidole viwili vyenye mabaki ya pesti ya joto. Pesti inateleza. Prosesa ilipanda kiasi cha sentimita mbili, ikageuka, ikaanguka kwa kona.

Katika soketi za aina ya LGA pini haziko kwenye prosesa, ziko kwenye bodi. Ni 1,151, nyembamba kuliko sindano ya kushonea, kila moja imepindwa kama kidole kilichonyooshwa nusu ili ijikunje kidogo inapobanwa. Zikiwa nzima, ukiziangalia kwa pembeni chini ya mwanga zinang'aa kwa mistari iliyonyooka, kila mstari kwa rangi moja. Ndiyo maana bodi mpya huja na kifuniko cheusi cha plastiki juu ya soketi, na ndiyo maana watengenezaji hukitaka ukirudisha bodi kwa dhamana. Pini zikiguswa kwa kidole tu huinama. Kona ya prosesa ilitua juu yake, na kwenye mwanga wa simu palionekana kidoa kimoja kisichong'aa kama vingine.

Asubuhi aliipeleka bodi kwa mwalimu mmoja wa kike anayefundisha ufundi wa kompyuta chuoni na kutengeneza mashine za watu jioni, mtu ambaye angempigia simu tangu Septemba kama si kiburi cha kujua mengi. Mwalimu aliigeuza bodi dirishani, akaiinamisha huku na huku.

“Nani alikuambia uitoe prosesa?”

“Haikuwaka, Mwalimu. Nikadhani haijakaa vizuri.”

“Na vinguzo ulivihesabu?”

Kimya.

“Mwanangu, ungenipigia simu kabla ya kununua, ningekuambia bure. Sasa kaa hapo.”

Alichukua sindano ya kushonea na kioo cha kukuzia, akafanya kazi kwa muda mrefu bila kusema. Pini kadhaa zilirudi mahali pake. Moja ilikatika. Bodi iliwaka mezani, lakini nafasi moja ya RAM kati ya mbili ilikataa kusoma chochote, jambo la kawaida pini za upande wa kumbukumbu zikiharibika. Prosesa yenye viini 6 ikabaki na RAM ya GB 8 kwenye nafasi moja. Kwa kukata video ndefu, hiyo ni njaa.

Kisha mwalimu akachukua kalamu na kupiga hesabu nyuma ya daftari: prosesa 14,000, bodi 8,500, kasha 4,500, pawasaplai 4,000. Jumla 31,000, bila nauli wala gharama za kutumiwa mizigo. Wiki ileile, duka moja la Bungoma lilikuwa likiuza kompyuta nzima ya ex-UK ya kizazi cha 8 kwa 32,000, ikiwa inawaka mbele ya mteja.

Sitaki msomaji aondoke akidhani nasema watu wasijenge. Kujijengea kuna faida ambayo mashine ya ofisi haikupi: leo unaweka RAM, mwakani kadi ya picha, mwaka unaofuata prosesa. Ninachosema ni kwamba ujenzi wa Mabanga si ujenzi wa London, na hekima yake haiwezi kuletwa nzimanzima. Mwaka 2018 AMD ilikuwa na wateja walionunua bodi za soketi ya AM4 pamoja na prosesa mpya kuliko BIOS ya bodi, hivyo kompyuta haikuwaka, na bila kuwaka hakuna namna ya kusasisha BIOS. Kampuni ikawatumia wateja wale prosesa ya kuazima kwa posta, wasasishe, wairudishe. Jambo zuri kabisa, na ukiketi Mabanga ukilisikia unacheka. Hapa anayekuazima prosesa ni fundi anayekujua. Kama huna fundi kama huyo, tafuta bodi yenye kitufe cha kusasisha BIOS kwa flashi bila prosesa, hata kama imezidi bei kidogo.

Soko la mtumba pia lina mitego yake. Kuna bodi kutoka Uchina zinazouzwa kwa jina la X99 ili zibebe prosesa za Xeon zilizostaafishwa kwenye seva. Bei yake hutamanisha, na nyingine hufanya kazi vizuri, lakini chipseti iliyo chini ya kipoza joto mara nyingi imetolewa kwenye bodi ya kawaida ya miaka ya nyuma, na jina lililo kwenye boksi halikuambii hivyo. Kuna bodi kuukuu zenye kapasita zilizofura. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 dunia nzima ilipata janga la kapasita zenye kimiminika kibovu, na hata kompyuta za ofisi za Dell aina ya OptiPlex GX270 zilikumbwa. Leo kapasita nyingi ni za aina imara, ila bado inafaa kuipitisha bodi mbele ya macho na kuangalia kama kuna kichwa kilichovimba au alama ya hudhurungi chini yake. Fundi akikuambia “hiyo ni gundi tu,” huenda ni kweli. Mwambie aiwashe.

Na stima. Mvua za magharibi huja na radi, na bonde zima la Ziwa Viktoria linajulikana kwa hilo. Kila mtu ana gadi ya friji. Kompyuta ya elfu thelathini imechomekwa ukutani moja kwa moja. Ngurumo zikikaribia, chomoa waya wa umeme na wa intaneti pia, maana radi haichagui mlango. Hayo hayahitaji maelezo marefu.

Agosti 2024 chinyimba zililia tena na kijana akapata pesa tena. Safari hii alikwenda Kitale akiwa na karatasi iliyokunjwa: jina kamili la bodi ya B450 aliyoitaka pamoja na toleo lake, ambalo huchapwa kwenye bodi yenyewe, prosesa ya Ryzen 5 5600G na toleo la BIOS linaloikubali, idadi ya matundu ya skrubu, kiasi cha pini za umeme. Alikuwa ameshamtumia mwalimu picha ya karatasi hiyo na kungoja jibu kabla ya kupanda gari. Dukani aliomba bodi iwashwe na prosesa ileile atakayoinunua, akaingia kwenye BIOS, akasoma toleo kwa sauti, akajaribu nafasi zote 4 za RAM moja moja. Muuzaji alianza kuguna.

“Kijana, unanunua bodi ama unaoa?”

“Nataka uandike kwenye risiti, mzee. Kwamba imewaka na prosesa hii, na nafasi zote zinasoma.”

“Risiti zetu hazina hayo.”

“Pana nafasi hapo juu ya muhuri.”

Mzee aliandika, kwa hati mbaya, akaongeza tarehe bila kuombwa. Nimeiona karatasi hiyo, na kwa maoni yangu ina thamani kuliko dhamana nyingi za miezi 6 ambazo nimeonyeshwa, kwa sababu inataja kazi iliyokusudiwa, na hicho ndicho kitu ambacho kifungu cha 16 hukitafuta.

Kufunga hakukuwa na kisa. Kwenye AM4 pini ziko chini ya prosesa, si kwenye soketi, na hatari hubadilika sura: ukiivuta feni kwa nguvu pesti ikiwa imekauka, prosesa hung'oka nayo na kuinamisha pini zake. Mwalimu alimwambia siku akitaka kuitoa, kwanza aiache mashine ifanye kazi robo saa ipate joto, kisha aizungushe feni kushoto na kulia kabla ya kuinua. Vinguzo alivihesabu mara mbili. Bodi aliiwasha kwanza juu ya boksi.

Video za tohara za 2024 zilifika kwa wenyewe kabla ya Oktoba. Zile harusi mbili za Desemba 2022, kwa ile RAM ya nafasi moja, zilikuwa zimekabidhiwa Machi. Bibi harusi wa kwanza alilipa akanuna. Bwana harusi wa pili hajamaliza salio hadi leo, na kila akipigiwa simu huuliza ni harusi ipi hiyo, maana mtoto wao sasa anatembea.